Pima Umbali Kwanza: Miwani ya Fundi Aliyevuka Arobaini

Mafundi wengi waliovuka miaka 40 wana miwani. Wameinunua stendi au kwa machinga, wakaijaribu kwa kusoma maandishi madogo ya kwenye pakiti, yakasomeka, wakalipa. Miwani hiyo hiyo ndiyo wanayoingia nayo karakanani, na hapo huzuka matatizo mawili. Lenzi yake haikutengenezwa kuzuia kitu kinachoruka kwa kasi. Halafu nguvu yake ilichaguliwa kwa umbali wa kusoma, ilhali meno ya msumeno wa umeme hayakai karibu na uso kiasi hicho, na hayatakiwi kukaa hivyo. Tatizo la kwanza hutajwa kila inapozungumzwa habari ya usalama kazini. La pili hutajwa kwa nadra, nalo ndilo linalomfanya fundi ainamishe uso kuelekea kwenye mashine bila kujua kwa nini anainama. Kwa hiyo nitaanza na hilo la pili.

Nyuma ya mboni kuna lenzi ambayo ujanani ni laini. Ukitazama kitu cha karibu, lenzi hiyo hutuna na picha ikatulia. Miaka inavyokwenda inazidi kuwa ngumu. Kati ya miaka 40 na 45 wengi huanza kuisogeza rula mbali na uso ili wasome milimita, na ukifika 60 lenzi haituni tena kwa kiasi cha maana. Hili humpata kila mtu, hata aliyekuwa na macho makali kuliko wenzake wote mtaani. Halisababishwi na cheche wala na kusoma usiku. Na ile imani kwamba ukianza kuvaa miwani jicho litazoea uvivu haina msingi, kwa sababu lenzi itaendelea kuwa ngumu uvae usivae.

Nasisitiza hilo kwa sababu imani hiyo inakula kipato cha watu. Mwaka 2024 jarida la PLOS ONE lilichapisha utafiti uliofanyika vijijini Bangladesh kwa watu zaidi ya 800 wenye umri wa miaka 35 hadi 65, wote wakifanya kazi zinazodai kuona karibu, wakiwamo washonaji na mafundi wa mikono. Nusu yao walipewa miwani ya kusomea bure, wengine wakasubiri. Baada ya miezi minane, kipato cha waliopewa kilikuwa kimepanda kwa asilimia 33. Ile ilikuwa miwani rahisi kabisa, ya aina inayopatikana Kariakoo au Gikomba. Kwa hiyo simkatazi mtu miwani ya bei nafuu. Ninachotaka ni aijue namba anayoihitaji, na ajue pale ambapo miwani hiyo haifai kuvaliwa peke yake.

Namba unaweza kuitafuta mwenyewe kwa tepu ya kupimia. Zima mashine. Simama au kaa kama unavyofanya kazi siku zote, mgongo ukiwa umenyooka, mikono ikiwa pale inapokaa wakati wa kazi. Mwombe mwenzako apime kutoka pembeni ya jicho lako hadi mahali unapopatazama: ncha ya keekee, mstari wa kukata, sindano ya cherehani. Andika sentimita. Kisha gawanya 100 kwa sentimita hizo. Jibu ni nguvu ya lenzi kwa diopta, ile namba inayoandikwa +1.50 au +2.00 kwenye kibandiko cha miwani. Sentimita 33 zinadai +3.00, sentimita 40 zinadai +2.50, sentimita 50 ni +2.00, sentimita 67 ni +1.50, na mita nzima ni +1.00.

Hesabu hii ni ya mtu anayeona mbali vizuri bila miwani, na jibu lake ni kiwango cha juu kabisa. Mwenye miaka 60 ataikaribia namba hiyo. Mwenye miaka 45 lenzi yake bado inajitahidi kidogo, kwa hiyo atatosheka na namba ya chini yake. Ndiyo maana nashauri ujaribu kwanza iliyo ndogo, upande ikishindikana. Watu wengi hufanya kinyume: hushika kali zaidi kwa sababu dukani inakuza herufi, na kukuzwa kunapendeza.

Mchukulie seremala mwenye miaka 55 na msumeno wa mezani. Akisimama wima, jicho lake liko kama sentimita 65 kutoka kwenye mstari wa kukata. Hesabu inampa +1.50. Lakini miwani aliyonayo ni ya +2.50, aliyoichagua akiwa amekaa kwenye kochi na kitabu mkononi, sentimita 40 kutoka usoni. Sasa anasukuma ubao. Mstari wa penseli hauonekani vizuri, ni ukungu. Shingo inashuka yenyewe, mabega yanafuata, hadi uso unapofika sentimita 40 na mstari unakaza. Amekwisha kuusogeza uso wake sentimita 25 kuelekea kwenye meno yanayozunguka, na uzito wa kiwiliwili sasa uko juu ya mikono inayosukuma. Akiteleza, anateleza kuelekea mbele. Jioni analalamika shingo na mgongo, wanamwambia ni uzee. Miwani dhaifu zaidi, ya +1.50, ingemrudisha akae wima.

Kuna hasara nyingine ya namba kubwa. Akiinua kichwa kumtazama kijana anayevuka nyuma ya mashine, au kutafuta swichi ukutani, kila kitu kilicho mbali ni ukungu. Kadiri lenzi inavyokuwa kali, ndivyo eneo linaloonekana vizuri linavyokuwa jembamba na la karibu. Ukifanya kazi mbili zenye umbali tofauti kabisa, kwa mfano kuchora kwa kalamu mezani na kukata kwa msumeno, unahitaji namba mbili. Nunua miwani mbili na uandike kwa kalamu ya wino mzito kwenye mkono wa kila moja: 40 kwa ya meza, 65 kwa ya msumeno.

Wako watu ambao hali yao ni kinyume. Hao wanaona karibu vizuri na mbali ukungu, na kwa miaka mingi wamevaa miwani yenye namba za kutoa, tuseme -2.00. Wakifika umri huu hugundua kwamba wakiivua wanaona kazi ya karibu vizuri zaidi. Basi huipandisha kwenye paji la uso kila wanapotaka kuona jambo kwa undani, yaani pale pale uso unapokuwa umeinama juu ya kazi, na jicho linabaki tupu. Hawa wana bahati wasiyoijua. Mwenye -2.00 kwenye macho yote mawili, anayefanya kazi sentimita 50 kutoka usoni, anahitaji kuongezewa +2.00 juu ya hiyo -2.00, na jumla yake ni sifuri. Kwa kazi ya pale mezani, miwani ya kinga isiyo na namba yoyote, ya bei ya chini kuliko zote, inamtosha. Ile ya -2.00 ataivaa akitoka nje au akiendesha gari. Mwenye kuhitaji +1.00 hata kwa mbali, yeye anajumlisha: +1.00 na +2.00 ni +3.00, na asishangae miwani ya jirani yake ya rika moja ikimshinda.

Miwani ya tayari ina mpaka wake. Lenzi zake mbili zina nguvu sawa, na watu wengi hawana macho mawili yanayolingana. Wala haisahihishi jicho ambalo uso wake haujapinda sawasawa pande zote, linaloona mistari ya wima imekaza huku ya mlalo imefifia. Jaribu hivi: tazama rula ya chuma ikiwa wima, kisha ilaze. Ikiwa mistari yake inabadilika ukali unapoigeuza, au ukifumba jicho moja moja unaona tofauti kubwa, acha miwani ya tayari uende ukapimwe. Nenda pia hata kama miwani ya tayari inakufaa, walau mara moja baada ya kuvuka 40. Presha ya macho huharibu uoni kimyakimya kuanzia pembeni, na miwani ya machinga haiwezi kukuambia. Mwenye kisukari ahakikishe kwanza sukari yake imetulia kabla ya kulipia lenzi za kutengenezewa, kwa sababu sukari ikipanda na kushuka, namba nayo hubadilika.

Sasa tuje kwenye kinga yenyewe.

Lenzi ya kawaida ya plastiki hustahimili kuanguka sakafuni. Kipande cha chuma kinachorushwa ni jambo lingine: inaweza kupasuka, na vipande vyake vikaelekea ndani. Ya kioo ni mbaya zaidi. Hata fremu ina kazi yake. Fremu ya kawaida haina ukingo imara wa kuizuia lenzi isirudi nyuma, kwa hiyo lenzi nzima nzima inaweza kung'oka ikapiga jicho. Ndiyo maana kuweka lenzi ngumu kwenye fremu ya mapambo hakuigeuzi miwani kuwa ya kinga. Lenzi, fremu na vikinga vya pembeni vinahesabika pamoja, na pembeni ndiko zinakoingia chembe nyingi, hasa za jirani anayekata kando yako.

Lenzi ya kutafutwa ni ya polikaboneti, plastiki iliyogunduliwa 1953 Ujerumani na Marekani karibu wakati mmoja, ambayo baadaye ilitumika kwenye helmeti za wanaanga wa Apollo. Ikipigwa hubonyea badala ya kuvunjika. Ni nyepesi, na yenyewe huzuia karibu mionzi yote ya urujuanimno ya jua. Ila huchubuka kirahisi, na kwa namba kubwa huonyesha rangi rangi kwenye kingo za vitu ukitazama kwa pembe ya lenzi. Anayesumbuliwa na hilo aulizie Trivex, ambayo picha yake ni safi zaidi na ugumu wake haupishani sana na polikaboneti, ila bei huwa juu.

Usiamini neno la muuzaji, tafuta alama. Miwani iliyofuata kiwango cha Marekani huandikwa Z87, na alama ya kujumlisha ikifuata, yaani Z87+, maana yake imepigwa risasi ya chuma yenye kipenyo cha milimita 6.35 kwa mwendo wa mita 45 hivi kwa sekunde, na ikastahimili. Ya kiwango cha Ulaya huandikwa EN 166 pamoja na herufi. S ni ya mapigo madogo, F ni mita 45 kwa sekunde, B ni mita 120. Siku hizi utakutana pia na ISO 16321, kiwango kilichokuja kuchukua nafasi ya EN 166. Alama itafutwe kwenye lenzi na kwenye fremu, na zikitofautiana, hesabu ile ya chini. Miwani yenye neno "safety" kwenye boksi tu, bila alama kwenye lenzi yenyewe, mrudishie mwenyewe.

Namba hizo zina maana kubwa ukizipambanisha na grinda. Diski ndogo ya milimita 115 ikizunguka mara 11,000 kwa dakika, ukingo wake unakwenda mita 66 kwa sekunde, ambazo ni kama kilomita 240 kwa saa. Diski yenyewe imeandikwa mwisho wake: mita 80 kwa sekunde. Miwani ya mkono na pua, hata iwe bora namna gani, katika kiwango cha EN 166 haipiti F, yaani mita 45. Kwa cheche na vumbi la chuma inatosha. Kwa diski inayopasuka haitoshi. Kwa hiyo kwenye grinda, vaa miwani ya kinga, kisha juu yake ngao ya uso yenye alama ya B. Ngao peke yake pia haitoshi, kwa sababu chembe huruka zikapenya kwa chini ya kidevu, na fundi huipandisha ngao aone alipofika, bila kusubiri diski isimame.

Njia za kuunganisha namba na kinga ziko kadhaa, na hazilingani.

Ya kwanza ni miwani ya kinga ambayo lenzi yake nzima ina nguvu. Hii namshauri anayekaa mahali pamoja: fundi cherehani, mchonga mihuri, fundi anayelehemu bodi za simu. Haimfai anayezunguka kati ya mashine. Ya pili ni miwani ya kinga iliyo wazi juu na yenye kijidirisha cha nguvu chini. Hii ndiyo ningemchagulia fundi wa kawaida anayeona mbali vizuri, maana akiinua macho anaona karakana yote, akishusha anasoma vernia. Kabla ya kulipa, angalia kijidirisha kimekaa wapi. Kikiwa juu sana kitakatiza unapotembea na hutaona ngazi au nyaya sakafuni. Kikiwa chini sana utalazimika kuinua kidevu kila mara. Na fundi umeme anayefanya kazi darini, au makanika aliyelala chini ya gari, kijidirisha cha chini hakimsaidii kitu, kwa sababu kazi yake iko juu ya kichwa. Duka la miwani linaweza kumwagizia lenzi yenye vijidirisha viwili, juu na chini.

Ya tatu ni kuvalia miwani pana ya kinga juu ya miwani yako ya kila siku. Inafaa kwa mgeni, kwa mwanafunzi, kwa siku mbili tatu za kazi ya kupita. Kwa kazi ya kutwa haivumiliki: tabaka mbili za lenzi huleta ukungu wa jasho, hasa pwani, na fundi anayefuta miwani kila dakika mwishowe huivua. Ya nne inajulikana na wachache. Kuna vilenzi laini vya kubandika, vyenye nguvu kuanzia +1.00 hadi +3.00, vinavyolowekwa maji na kushikishwa upande wa ndani wa miwani yoyote ya kinga. Ukikosea mahali unakibandua ukakirudishia. Mwenye kubadilisha miwani mara kwa mara kwa sababu ya michubuko atahamisha vilenzi vyake na kuokoa fedha.

Sonara, fundi saa na fundi simu wana haja iliyo mbele ya hapo. Kwao kuona sawasawa hakutoshi, lazima kitu kikuzwe. Wengi hutumia lenzi za kuvaa kichwani kwa mkanda. Hapa sheria ya umbali ni kali zaidi: lenzi inayokuza mara 1.75 hutaka kazi iwe kama sentimita 35 kutoka kwenye lenzi, ya mara 2.5 hutaka sentimita 20, na ya mara 3.5 hutaka sentimita 10 tu. Chagua ukuzaji mdogo kuliko wote unaomaliza kazi yako. Lenzi hizi, isipokuwa zikiwa na alama, hazizuii kitu kinachoruka, na waya wa chemchemi ya saa unaofyatuka ukiwa umeinama sentimita 20 juu yake hauna pa kwenda ila usoni. Vaa miwani ya kinga chini ya mkanda huo. Na usiinamie mashine inayozunguka, hata kibrashi kidogo cha kung'arisha pete, ukiwa na lenzi ya mara 2.5. Kagua kwa lenzi, pandisha lenzi, ndipo uwashe. Wenye taa za mezani zenye lenzi kubwa ya duara wazifunike wakiondoka, kwa sababu jua la dirishani likipita kwenye lenzi hiyo huunguza karatasi na kitambaa.

Kwa wachomeleaji, mambo ni mawili tu nitakayoyasema. Kioo cheusi cha namba 10 na kuendelea kinahitajika kwa kuchomelea kwa umeme, na miwani ya jua haiwezi kukaa badala yake hata kwa nukta moja. Aliyepigwa na mwanga ule huenda asihisi kitu hadi usiku, saa sita au zaidi baadaye, macho yanapoanza kuwasha kama yaliyomwagiwa mchanga. La pili ni kwamba ndani ya kofia ya kuchomelea kuna nafasi ya kupachika kipande cha lenzi ya kukuza, upana wa milimita 51 kwa 108, kwa nguvu za +1.00 hadi +3.00. Fundi wa miaka 50 anayelalamika kwamba mshono wake unapinda siku hizi mara nyingi hana shida ya mkono. Hauoni mfereji anaoufuata. Ila chini ya kofia miwani safi ya kinga ibaki, kwa sababu magamba yanagongwa kofia ikiwa imeinuliwa.

Ukiamua kutengenezewa miwani ya kinga yenye namba zako, usiende na cheti cha kipimo peke yake. Mpimaji asipoambiwa kazi yako atakupimia kwa umbali wa kusoma, sentimita 40, na utarudi karakanani na tatizo lile lile kwa bei kubwa zaidi. Mpelekee karatasi yenye umbali wako wote: wa meza, wa mashine, na kama kuna kazi ya juu ya kichwa. Mwambie unataka lenzi za polikaboneti, fremu yenye alama ya kinga, na vikinga vya pembeni visivyobanduka. Omba pia apime umbali kati ya mboni zako, maana kitovu cha lenzi kikikosea mboni, kichwa huuma mchana kutwa. Lenzi zinazobadilika nguvu polepole kutoka juu kwenda chini, zisizo na mstari, zinapendwa ofisini. Karakanani siwashauri wengi kuzichukua, kwa sababu sehemu yake ya karibu ni nyembamba na pembeni picha hupinda, na anayepima kama ubao umenyooka hahitaji lenzi inayoupinda. Aliyeajiriwa azungumze na mwajiri kabla ya kutoa fedha yake: sheria ya usalama na afya mahali pa kazi, ya 2003 kwa Tanzania Bara na ya 2007 kwa Kenya, inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga.

Kabla hujaongeza namba, ongeza taa. Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea mwanga takriban theluthi moja ya ule unaopokelewa na jicho la miaka 20, na kuna wanaodhani miwani yao imeisha nguvu kumbe balbu ndiyo imechoka. Taa ikae upande ulio kinyume na mkono unaofanya kazi, ili kivuli cha mkono kisiangukie kwenye mstari.

Utunzaji wa polikaboneti unahitaji nidhamu ndogo. Vumbi la karakana ni chembe za chuma na mchanga, na ukilifuta kavu kwa fulana unaisugulia lenzi tupa. Mwagia maji kwanza, tumia sabuni ya kawaida, kausha kwa kitambaa laini safi. Asetoni, tina na petroli ni mwiko: huitia lenzi nyufa ndogo ambazo huenda usizione, na pigo litakalofuata litaipasua. Miwani iliyopigwa kwa nguvu mara moja itupwe hata kama inaonekana nzima, na iliyochubuka mbele ya mboni itupwe pia, kwa sababu mchubuko hutawanya mwanga na fundi huanza kuchungulia kwa pembeni.

Chembe ikiingia pamoja na tahadhari zote hizi, usimpe mwenzako njiti ya kiberiti aitoe. Suuza kwa maji safi mengi bila kusugua. Kama ni kemikali, suuza dakika 15 hadi 20 mfululizo kabla ya kwenda popote. Kama kitu kimechoma jicho, kisichomolewe. Lifunike kwa kikombe safi bila kuligandamiza, na mtu apelekwe hospitali yenye daktari wa macho. Hata chembe ya chuma isiyouma sana inahitaji daktari siku hiyo hiyo, kwa sababu hupata kutu ndani ya jicho na kuacha pete ambayo ni kazi kuiondoa.

Fundi mwenye jicho moja linaloona hahitaji kuwaza kama kazi hii ni ya hatari au si ya hatari. Avae polikaboneti kutwa, karakanani na nje yake, hata kama jicho hilo halitaki namba.

Na vijana wanaojifunza kazi, ambao macho yao bado yanaona milimita bila msaada, wasirithishwe miwani iliyochubuka ya mwalimu wao. Kwanza ina namba wasiyoihitaji, pili ni pana kwa nyuso zao na huteremka puani wanapoinama. Ziko saizi ndogo, safi, zisizo na nguvu, na bei yake ni ndogo kuliko ya diski chache za kukatia. Nunua kadhaa kwa pamoja na uzitundike kwenye msumari kando ya kila mashine, mahali ambapo mkono unaokwenda kuwasha swichi utazigusa kwanza.